Mfuko Mwepesi wa Kulalia wa Poliesta: Jinsi ya Kujua Utakuhimili Hadi Baridi ya Digrii Ngapi

Mfuko wa kulalia hauna joto lake. Uache mtupu ndani ya hema usiku mzima, na alfajiri utaukuta baridi sawa na hewa ya nje. Kazi yake ni kulichelewesha joto lako lisikutoroke upesi, na joto lenyewe si jingi. Mtu mzima aliyelala hutoa takriban wati 70 hadi 80, kama balbu moja ya zamani. Kwa hiyo ukiuliza mfuko fulani unafaa baridi ya digrii ngapi, umeuliza pia umelala juu ya nini, umevaa nini, umekula lini, na kama jana yake mfuko ulianikwa.

Nazungumzia hapa mifuko ya aina moja: ile iliyojazwa poliesta badala ya manyoya ya bata, yenye uzito wa kati ya gramu 700 na kilo moja na robo hivi. Ni mifuko ya watu wanaotembea na mzigo mgongoni. Msimamo wangu niutoe mapema. Kwenye baridi ya unyevunyevu, digrii 5 hadi 10 za Selsiasi, nauchukua mfuko huu kabla ya wa manyoya, tena bila kusita. Kwenye digrii sifuri unaweza kufaa, mradi umeutendea haki mkeka ulio chini yake. Kuanzia digrii 5 chini ya sifuri kushuka, siutegemei peke yake, hata lebo yake ikiapa.

Lakini hizo ni namba zangu. Hatua zinazofuata ni za kukufikisha kwenye yako.

Hatua ya 1: Soma lebo, kisha usiiamini yote

Pindua mfuko utafute jina la kiwango kilichotumika kuupima. Ulaya ilianza na EN 13537 mwaka 2002. Mwaka 2016 kikaja ISO 23537 kuchukua nafasi yake. Usipoona mojawapo ya majina hayo, basi digrii zilizoandikwa ni neno la mtengenezaji tu, na hakuna aliyemhakiki.

Mfuko uliopimwa kwa kiwango hicho una namba tatu zinazokuhusu. Tcomf ni baridi ambayo mwanamke wa mfano, mwenye kilo 60 na urefu wa mita 1.60, analala amejinyoosha bila kuhisi baridi. Tlim ni ya mwanaume wa mfano, kilo 70 na mita 1.73, aliyejikunja magoti kifuani: yuko ukingoni mwa kutetemeka ila bado hatetemeki. Text ni baridi ambayo yule mwanamke anatarajiwa kuivumilia kwa muda wa saa 6 bila kufa, ingawa madhara mengine yanaweza kumpata. Hii ya tatu isahau kabisa unapopanga safari. Si ya kulalia, ni ya kunusurika. Ajabu ni kwamba baadhi ya wauzaji huikuza ndiyo hiyo, kwa maandishi makubwa, kwa kuwa ndiyo inayopendeza zaidi.

Kati ya Tcomf na Tlim huwa kuna tofauti ya digrii 5 au 6 hivi. Mimi ni mwanaume na bado nasoma Tcomf. Usiku wa saa 9 au 10 ni mrefu mno kuulala umejikunja kama kamba wa baharini.

Kumbuka pia namba hizi zilivyopatikana. Kinacholala humo ni sanamu yenye umbo la mtu, imejaa vipasha joto na vipimajoto, imevalishwa nguo nyepesi ndefu za ndani na soksi, imelazwa juu ya mkeka kwenye chumba cha baridi kisicho na upepo wa maana. Sanamu haigeukigeuki. Haiamki kwenda haja. Haikutembea kilomita 20 na kulala na njaa. Na mfuko unaopimwa ni mpya. Kipimo hiki ni kizuri kwa kulinganisha mfuko huu na ule. Kukutabiria usiku wako ni kazi nyingine.

Hatua ya 2: Jua kilichomo ndani

Kinachozuia baridi si poliesta yenyewe. Ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi zake. Nyuzi ni za kuizuia hewa hiyo isizunguke, basi. Ndiyo maana mfuko unaoumuka kama unga wenye hamira una joto, na mfuko uliolala bapa hauna, hata kama uzito wao ni sawa.

Poliesta za mifuko ziko za namna mbili, na inafaa kujua umenunua ipi. Ya kwanza ni nyuzi fupifupi, laini, zinazojaribu kuiga manyoya. Katika miaka ya 1980 jeshi la Marekani lilitaka kijazo cha namna hiyo kisichoshindwa na maji, na PrimaLoft ilizaliwa katika juhudi hizo. Hujikunja vizuri na mfuko ukaingia kwenye kifuko kidogo. Udhaifu wake ni kwamba nyuzi fupi huhama, kwa hiyo lazima zishonewe karibu karibu, na huchoka mapema. Ya pili ni nyuzi ndefu zisizokatwa, zilizolazwa kama blanketi moja. Climashield Apex ni mfano wake. Hizi hujishikilia zenyewe, hazihitaji mishono mingi, na hudumu. Ila ni ngumu kidogo mkononi na zinakataa kubanwa hadi ziwe ndogo.

Mishono nimeitaja kwa sababu. Pale uzi unapopenya kutoka kitambaa cha nje hadi cha ndani, unene wa mfuko ni sifuri, na mstari mzima wa mshono ni njia ya baridi. Uinue mfuko mbele ya dirisha lenye mwanga au taa kali. Kama kitambaa ni chepesi na hakina rangi nzito, utaona mistari inayong'aa na mabaka ambako kijazo kimekimbia. Dakika mbili za kutazama hivyo zinakwambia mengi kuliko karatasi ya matangazo.

Ukiweza kupata gramu za kijazo kwa mita ya mraba, hizo ndizo za kuangalia kuliko uzito wa mfuko mzima. Karibu gramu 100 kwa mita ya mraba ni mfuko wa majira ya joto. Karibu 200 ndipo mtu anaanza kuizungumzia sifuri kwa heshima. Kwa joto lile lile, poliesta ni nzito na kubwa kuliko manyoya mazuri. Kwa hiyo mfuko wa poliesta ukiwa mwepesi sana, wepesi huo haukutokana na muujiza: kuna kitu kimepunguzwa ndani, na mara nyingi ni poliesta yenyewe.

Hatua ya 3: Pima unene kabla hujatoka

Utoe mfuko kwenye kifuko chake, utikise, uache umelala wazi saa kadhaa. Kisha weka rula wima pembeni yake sehemu ya kifua, sehemu ya nyonga na sehemu ya miguu. Andika sentimita hizo na tarehe. Rudia kila mwaka.

Mbona nasisitiza? Fanya hesabu hii. Ngozi ya mtu aliyelala vizuri iko karibu digrii 33. Mfuko unaokutosha kwenye sifuri unabeba tofauti ya digrii 33 kati yako na hewa. Ukipoteza moja ya tano ya kinga yake, unabeba tofauti ya 26 tu. Maana yake mfuko uliokuwa wa sifuri sasa ni wa digrii 6 au 7, na wewe hujui, kwa sababu lebo haikubadilika. Ni makadirio, lakini ndiyo yanayoeleza malalamiko ya wengi kwamba mfuko "ulikuwa mzuri zamani".

Hatua ya 4: Anza na chini

Hapa ndipo watu wengi hupotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukilala, uzito wako unabana poliesta iliyo chini ya mgongo na nyonga. Hewa inatoka. Unachobaki nacho ni vitambaa viwili na nyuzi zilizosagika, na chini yake ardhi isiyochoka kunyonya joto. Poliesta inabanika kidogo kuliko manyoya, ni kweli, lakini tofauti hiyo si ya kuilalia. Sehemu ya chini ya kitanda chako ni mkeka, si mfuko.

Nguvu ya mkeka ya kuzuia joto lisipite hupimwa kwa thamani ya R (namba kubwa, kinga kubwa), na tangu 2018 kuna kiwango kimoja cha kuipima, ASTM F3340, kwa hiyo namba za watengenezaji wanaokifuata zinalinganishika. Mkeka wa povu ngumu, ule unaokunjwa kama feni au kuviringishwa, mara nyingi una R ya karibu 2. Godoro la kujaza hewa lisilo na kitu ndani linaweza kuwa chini ya hapo, hata likiwa nene kama tofali, kwa sababu hewa iliyo ndani inazunguka na kubeba joto kulipeleka chini. Unene wa godoro usikudanganye. Godoro lenye nyuzi ndani au karatasi za kurudisha joto linaweza kufika 4 au 5.

Kwa digrii 5 hadi 10, R ya 2 inatosha wengi. Kwa sifuri natafuta 4. Habari njema ni kwamba R hujumlishwa: mkeka wa povu wa 2 chini ya godoro la hewa la 2.5 unakupa 4.5, na godoro likitoboka usiku wa manane bado una kitu. Ukiwa na nafasi ya kuongeza gramu 400 kwenye mzigo na hujui uziweke wapi, ziweke chini ya mgongo. Nimelala nikitetemeka ndani ya mfuko nilioulaumu msimu mzima, hadi nilipobadilisha mkeka. Mfuko haukuwa na kosa.

Hatua ya 5: Fanya jaribio, kwa usiku mitatu au minne

Lengo ni kupata namba yako mwenyewe, ya mfuko huu, mkeka huu na mwili huu. Fanya jaribio mahali ambapo ukishindwa unaweza kuamka ukaingia ndani: uani, kwenye roshani, au kwenye chumba kisicho na joto chenye madirisha wazi. Weka blanketi la akiba karibu na mkono.

Unahitaji kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha chini kabisa cha usiku. Kiweke kwenye kimo cha mwili wako, si ukutani wala chini ya paa. Utabiri wa hali ya hewa hautoshi, maana hewa baridi ni nzito na huteremka mabondeni. Bonde na kilima kilicho pembeni yake vinaweza kutofautiana kwa digrii kadhaa usiku ule ule.

Anza kwenye usiku ambao ni digrii 5 juu ya Tcomf. Vaa kama sanamu ya Hatua ya 1, nguo ndefu nyepesi za ndani na soksi kavu, uongeze kofia tu. Usivae kila ulichonacho, kwa sababu ukifanya hivyo hutajua kilichokusaidia ni kipi. Asubuhi andika: kiwango cha chini cha joto, upepo ulikuwepo au la, mkeka upi, ulikula saa ngapi, uliamka saa ngapi kwa baridi, na la muhimu kuliko yote, baridi ilikuingia wapi.

Mahali baridi inapoingilia ndipo penye jibu. Ikiwa ni mgongo au nyonga, tatizo ni mkeka. Shingo na mabega: hewa ya joto inatoka juu kila unapogeuka, kwa hiyo mfuko hauna kola ya ndani, au hukuifunga. Mstari mmoja ubavuni, kuanzia bega hadi goti: ni zipu isiyo na mkunjo wa kitambaa uliojazwa poliesta nyuma yake, na nguo uliyoivua ukiipanga kwenye mstari huo itasaidia. Magoti na makalio: mfuko unabana na wewe unausukuma kutoka ndani, poliesta inabanwa. Miguu peke yake: ama mfuko ni mrefu kuliko wewe na kuna pango la hewa chini, ama soksi zimebana au zina jasho. Na kama ni mwili mzima kwa pamoja, bila sehemu maalumu, hapo ndipo mfuko wenyewe umefika mwisho wake.

Ukilala usingizi mzima, shuka digrii 2 au 3 usiku mwingine. Endelea hadi utakapoamka kwa baridi. Namba yako ni ile ya mwisho uliyolala vizuri, si ile uliyovumilia. Wengine huishia digrii kadhaa juu ya Tcomf, wengine chini yake. Wembamba, uchovu, njaa, umri na kuzoea vyote vina neno, na hakuna lebo inayovijua.

Jambo moja la saa: baridi kali kabisa huja karibu na macheo, si saa sita usiku. Jaribio lililokatizwa saa nane si jaribio.

Hatua ya 6: Ingia ukiwa na joto

Mfuko unahifadhi ulichoingia nacho. Ukiingia umeganda, utahifadhi ugandaji huo kwa saa nzima. Kabla ya kujifunika, fanya mazoezi mepesi dakika tano, yasifike kwenye jasho. Kula kitu chenye mafuta. Mwili unaosaga chakula unatoa joto. Nenda haja hata kama huoni haja. Na mfuko uwe umefunguliwa mapema, angalau nusu saa, ili poliesta iumuke baada ya kubanwa mchana kutwa.

Nguo: kavu, na ziwe na nafasi. Jaketi nene ndani ya mfuko mwembamba linaweza kukupunguzia joto badala ya kukuongezea, kwa kuusukuma mfuko kutoka ndani. Likiwa hivyo, litandaze juu ya mfuko kwenye kifua. Pamba iache kabisa ikiwa ilishika jasho. Sufu au poliesta nyepesi ndiyo ya kulalia. Kofia vaa, lakini pua na mdomo viache nje. Kupumulia ndani kunaleta raha ya dakika kumi na unyevu wa usiku kucha.

Kuna chupa ya maji ya moto, na hii si habari ya kubembelezana, ina hesabu yake. Lita moja ya maji ikipoa kutoka digrii 80 hadi 35 inatoa takriban kilojuli 190. Zikisambaa kwa saa 5, ni wati 10 na ushee, juu ya zile 70 au 80 zako. Hiyo ni sehemu ya saba ya joto lako lote, kwa bei ya kuchemsha maji. Tumia chupa isiyovuja, iingize ndani ya soksi isikuunguze, iweke katikati ya mapaja. Ijaribu kwa kuipindua kabla hujalala nayo. Kuhusu jiko: usiliwashe ndani ya hema lililofungwa kwa ajili ya joto, hata kidogo. Gesi yake ya sumu, kaboni monoksidi, haina harufu, na wengi waliolala nayo hawakuamka kusimulia.

Hatua ya 7: Pambana na unyevu, maana hapo ndipo poliesta inapoonyesha thamani yake

Utasikia ikisemwa kwamba mfuko wa poliesta "una joto hata ukilowa". Sentensi hiyo ni nusu ya kweli, na nusu nyingine imewahi kuwatesa watu.

Nusu ya kweli ni hii. Uzi wa poliesta haunywi maji. Unashika chini ya asilimia moja ya uzito wake katika hewa ya kawaida. Manyoya hunywa, hulegea, hushikana mabonge. Kwa hiyo mfuko wa poliesta ulionyeshewa unaweza kuukamua, ukautikisa, nao ukaumuka tena kwa kiasi kikubwa. Ule wa manyoya unabaki kitambaa chenye matonge.

Sasa nusu ya pili. Maji yaliyojaa katikati ya nyuzi yanapitisha joto karibu mara 25 zaidi ya hewa iliyotulia. Halafu yanahitaji joto ili yageuke mvuke, na joto hilo ni lako. Gramu 100 tu za maji, chini ya nusu kikombe, zinakula takriban kilojuli 240 kukauka. Zilinganishe na kilojuli 190 za chupa yako ya moto. Chupa nzima haitoshi kulipia unyevu ambao hata huuoni kwa macho. Mfuko wa poliesta uliolowa ni afadhali kuliko wa manyoya uliolowa, lakini mbele ya uliokauka haufui dafu.

Unyevu huo unatoka wapi wakati mvua haikunyesha? Kwako. Ngozi hutoa mvuke usiku kucha hata bila jasho. Mvuke unasafiri kutoka kwenye joto kuelekea kwenye ubaridi, na karibu na kitambaa cha nje unakuta baridi na kugeuka matone. Chini ya sifuri, chembe za barafu. Usiku mmoja si kitu. Usiku wa nne unaukuta mfuko mzito na mwembamba. Mwaka 1911, wakati wa majira ya giza ya Antaktika, Wilson, Bowers na Cherry-Garrard, watu watatu wa msafara wa Kapteni Scott, walitembea wiki tano kwenda na kurudi rasi ya Cape Crozier, na mifuko yao ya ngozi za kulungu wa kaskazini ilirudi na uzito wa karibu mara mbili au zaidi kwa barafu iliyotokana na pumzi na jasho lao wenyewe. Vitambaa vimebadilika tangu hapo. Fizikia ile ile.

Kwa hiyo kila asubuhi, unapotoka tu, ufinye mfuko utoe hewa ya joto yenye mvuke kabla haijapoa, kisha ugeuze nje ndani uutandaze. Jua la nusu saa wakati wa chai linatosha mara nyingi, kwa kuwa poliesta hukauka upesi. Hema liache na nafasi ya hewa juu na chini, hata kama roho inataka kufunga kila kitu. Hema lililozibwa linakudondoshea pumzi yako mwenyewe kutoka darini. Kwenye safari ya siku nyingi chini ya sifuri, wapo wanaolala ndani ya gamba la nailoni lisilopitisha mvuke, wakiwa wamevaa nguo nyembamba, ili mvuke usifike kwenye kijazo kabisa. Inafanya kazi. Haipendezi. Kwa safari ya siku mbili sijisumbui.

Hatua ya 8: Ukihitaji zaidi, ongeza tabaka

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mifuko miwili myepesi kwa pamoja inaweza kukufikisha mahali ambapo hakuna hata mmoja ungefika, na hapa poliesta ina nafasi ya heshima: iwekwe juu, manyoya yawe ndani. Pale mvuke unapogeuka maji huwa ni kwenye tabaka la nje, basi acha maji yakutane na kijazo kisichoyaogopa.

Kuna kanuni ya makadirio ambayo watembezi wengi huitumia. Chukua digrii za mfuko wa kwanza, kisha toa nusu ya tofauti kati ya 21 na digrii za mfuko wa pili. Mfano: wa kwanza ni wa sifuri, wa pili wa digrii 10. Ishirini na moja kutoa 10 ni 11, nusu yake 5.5, kwa hiyo mnafika karibu digrii 5 na nusu chini ya sifuri. Sharti ni kwamba wa nje uwe mpana vya kutosha usiubane wa ndani. Nao mkeka upande sambamba. Mifuko mitatu juu ya mkeka wa R 1 ni kujidanganya.

Shuka jembamba la ndani husaidia kidogo na hulinda mfuko usichafuke. Zile ahadi za digrii kumi zaidi kutokana na shuka moja jembamba, sijawahi kuzishuhudia.

Hatua ya 9: Jua pa kusimama

Panga safari kwa namba yako uliyoipata, kisha jiwekee akiba ya digrii 5. Ukipanda mlima, toa kwenye joto la bondeni kama digrii 6.5 kwa kila mita 1,000. Anga safi bila mawingu huongeza ubaridi wa alfajiri, na kulala wazi chini ya anga hiyo kunaupoza mfuko kuliko kulala ndani ya hema, hata bila upepo.

Na ikitokea umekosea, usilale ukisubiri kupambazuke. Kutetemeka ni mwili bado unajitetea. Dalili za hatari ni ulimi mzito, vidole visivyoweza kufunga zipu, kujikwaa, kutojali, na hasa kutetemeka kulikokoma bila joto kurudi. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya digrii 35, uamuzi wenyewe unaharibika, kwa hiyo mtazamane na mwenzako. Vua kilicholowa, vaa kikavu, kula, kunywa cha moto kama unaweza kumeza, ingieni mifuko miwili pamoja, na tafuteni msaada mapema.

Hatua ya 10: Utunzaji, ili namba isipande

Poliesta haiuawi na maji. Inauawa na mambo mawili: kubanwa, na joto kali. Nyumbani mfuko usikae ndani ya kifuko chake kidogo. Uning'inize, au uweke kwenye mfuko mkubwa wa kitambaa. Safarini, usiukunje kwa mpangilio ule ule kila siku. Usukumize tu ndani ovyo, ili mikunjo isivunje nyuzi mahali pamoja. Usiuache ndani ya gari lililofungwa juani ukiwa umebanwa.

Osha mara chache, kwa sabuni ya maji isiyo kali, kwenye beseni au mashine isiyo na mhimili katikati. Usitie dawa ya kulainisha nguo. Suuza hadi povu liishe. Ukiunyanyua ukiwa na maji, ubebe kwa mikono miwili kutoka chini, maana uzito wa maji hukata mishono ya ndani. Anika mahali penye hewa, au tumia joto la chini kabisa la mashine ya kukaushia.

Kisha chukua tena rula. Unene ukiwa umepungua kwa moja ya tano kutoka ule ulioandika siku ya kwanza, ufute kwenye daftari lako la baridi na uandike upya kama mfuko wa majira ya joto, au uufanye tabaka la juu la Hatua ya 8, ambako bado una miaka ya kazi.